Usiku wa Msiba, Mashine Ikaniita Tapeli

Baba mdogo alifariki Muheza siku ya Alhamisi, muda mfupi baada ya swala ya isha. Kwetu mtu akiondoka, kabla hata mwili haujarudishwa nyumbani, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameshateuliwa na namba imeshatangazwa. Usiku ule namba ilikuwa yangu. Binamu yangu aliandika hivi: "Ndugu, michango ya mazishi itumwe kwenye namba hii, jina litakuja," kisha akaweka jina langu.

Aliyekaa Tanzania miaka hii ya karibuni anayajua maneno hayo kutoka kwingine. "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Sidhani kama kuna mwenye laini ya simu nchini ambaye hajawahi kupokea ujumbe huo kutoka kwa tapeli. Maneno ni yaleyale. Anayetangaza msiba na anayeiba wanaandika sentensi moja, na atakayezitofautisha ni yule anayejua kwamba baba mdogo kweli amekufa.

Kufikia saa tano usiku walikuwa wameshatuma watu zaidi ya sitini. Elfu tano, elfu kumi, na elfu mbili ya jirani mmoja aliyepiga kabisa kuomba radhi kwa udogo wake. Binamu aliyeko Muscat alileta laki tatu kwa mkupuo. Nikataka kumlipa mwenye gari la kuleta mwili kutoka hospitali. Muamala haukukamilika. Nikarudia. Mara ya tatu nikaambiwa akaunti yangu imezuiwa.

Nilipiga huduma kwa wateja, nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu, nikasikiliza muziki kwa dakika ishirini. Dada aliyepokea alikuwa mpole. "Kaka, pole sana. Mfumo umeizuia akaunti yako kwa sababu ya miamala isiyo ya kawaida." Nikamweleza kuna msiba. Akasema, "Naelewa kaka, ila mimi huku sina uwezo wa kuifungua. Mfumo wenyewe umeifunga. Subiri ndani ya saa 72." Mazishi yalikuwa kesho yake baada ya swala ya Ijumaa. Sanda tulikopeshwa na mwenye duka, gari tukaombewa na imamu, na baba mdogo tukamzika kwa heshima zake. Watu wakarudi majumbani, na zile fedha bado zikiwa zimefungwa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi ile naijua kwa ndani. Nafanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ndogo inayosimamia malipo ya vikundi: vikoba, SACCOS, kamati za harusi. Sehemu ya kazi yangu ni usalama wa mtandao, na mimi ndiye ninayeulisha na kuurekebisha mfumo wetu wa akili mnemba (AI), au akili unde kama wengine wanavyosema, unaonusa wizi kwenye miamala. Ningekuwa zamu usiku ule na akaunti ile ingekuwa kwetu, ningeiona kwenye skrini ikiwa mstari mwekundu, ningetikisa kichwa na kusema huyu tumemkamata.

Mfumo wa aina hii haujui wizi ni nini. Unachojua ni mazoea. Unapewa miamala ya miezi mingi, unajifunza mtu wa namna fulani hupokea kiasi gani, kutoka kwa wangapi, saa ngapi, na hukaa nazo muda gani kabla ya kuzitoa. Kisha unakaa mlangoni. Kinachofanana na mazoea kinapita, kisichofanana kinapewa alama, na alama zikizidi kiwango alichoweka mtu kama mimi, mlango unafungwa. Sasa angalia usiku wangu kwa macho ya mlinzi huyo. Laini iliyokuwa ikipokea mara mbili tatu kwa wiki inapokea mara sitini ndani ya saa tatu. Watumaji wengi hawajawahi kuituma chochote. Ni usiku. Mmoja fedha zake zimeanzia nje ya nchi. Halafu mwenye laini anaanza kuzitoa haraka haraka. Matapeli wanapoazima laini ya mtu ili kupitishia fedha za wizi, picha inakuwa hiyohiyo. Mahesabu ya mashine yalikuwa sahihi. Ila katika yote iliyofundishwa, hapakuwa na msiba.

Kuna hesabu ndogo ambayo huwa nawaonyesha vijana wapya kazini, na naomba uifuate nami. Chukua miamala milioni 1. Tuseme katika kila 10,000, mmoja ni wa wizi, kwa hiyo wizi ni 100. Mpe kazi mlinzi hodari sana: katika kila wizi 100 ananasa 99, na katika kila miamala 100 ya halali anakosea mmoja tu. Atanasa wizi 99, na bosi atafurahi. Lakini miamala ya halali ni 999,900, na asilimia 1 yake ni 9,999. Kwa kila mwizi mmoja aliyenaswa, watu 101 wasio na kosa wamefungiwa mlango. Muuzaji anayekuja ofisini na mashine yake atakwambia "usahihi ni asilimia 99", na hatakuwa amesema uongo. Muulize wale 9,999 watahudumiwa na nani, kwa simu gani, ndani ya muda gani.

Hata hivyo siwezi kusimama na wanaosema mashine hizi tuzitupe. Nimeziona zikifanya kazi ambayo binadamu haiwezi.

Usiku mmoja saa tisa simu yangu iliita kwa mlio niliouweka kwa ajili ya hatari tu. Akaunti ya mwenzetu wa uhasibu ilikuwa imefunguliwa na inashusha orodha ya wanachama, kurasa kwa kurasa. Neno la siri lilikuwa sahihi. Ruhusa ya kuiona orodha ile alikuwa nayo kwa mujibu wa kazi yake. Hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa, na mfumo wetu wa zamani, ule wa kanuni kavu, ungemfungulia na kumkaribisha. Lakini mashine ilikuwa imemzoea mwenzetu. Huingia saa mbili asubuhi, kutoka kompyuta ileile, hufungua ripoti za malipo, na hajawahi kushusha orodha nzima. Kwa hiyo ilimkata, ikanipigia. Nilipompigia nyumbani kwake Kigamboni alipokea kwa sauti ya usingizi mzito. Siku mbili kabla alikuwa amejaza fomu iliyokuja kwa barua pepe, ikidai ni ya kuhakiki wategemezi wa bima ya afya. Huko ndiko neno lake la siri lilikoondokea.

Ule usiku ulituokolea majina, namba za vitambulisho na akiba za watu wengi ambao hawatajua kamwe kwamba walikuwa hatarini. Ofisi yetu ni ya watu kumi na wachache, na kumbukumbu za mifumo yake kwa siku moja ni mistari mingi kuliko anavyoweza kusoma mtu kwa mwezi. Nani angekesha akiisoma? Kwa taasisi ndogo za kwetu, ambazo haziwezi kuajiri wataalamu wa zamu tatu, msaada huu ni mkubwa mno.

Na uwezo unakua. Mwaka 2016 DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, lilikusanya kompyuta saba Las Vegas zikashindana kutafuta na kuziba mianya ya programu bila mkono wa mtu. Ikashinda iliyoitwa Mayhem, na walioitengeneza wakazawadiwa dola milioni 2. Wakati ule ilionekana kama maonyesho tu. Novemba 2024 Google wakatangaza kwamba mfumo wao wa akili mnemba, Big Sleep, umegundua kosa la hatari ndani ya SQLite, programu ya kuhifadhia data iliyomo karibu kila simu janja, pamoja na hiyo uliyoishika. Kosa likarekebishwa kabla toleo lenye kosa hilo halijawafikia watumiaji. Hapo mlinzi alimtangulia mwizi, jambo ambalo katika kazi yetu ni adimu.

Lakini zana hiyohiyo ukimpa mvivu inakuwa mzigo. Daniel Stenberg, Msweden anayesimamia curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani tangu mwanzoni mwa 2024 kuhusu ripoti za mianya zilizoandikwa na akili mnemba: ndefu, zenye maneno ya kitaalamu, na za uongo mtupu. Kila moja inamla mtu muda wa kuipima. Mwaka 2025 huyohuyo akapokea orodha kutoka kwa mtafiti aliyetumia zana za akili mnemba kwa umakini, akakuta imejaa makosa ya kweli, akaisifu hadharani vilevile. Namheshimu kwa kusema yote mawili.

Tugeukie upande wa wezi. Kwa miaka mingi tuliwafundisha watu wetu kumtambua tapeli kwa uandishi wake. "Ela" badala ya "hela", "namba iyi", herufi kubwa katikati ya neno, barua ya benki iliyojaa Kiswahili cha kutafsiriwa. Makosa yale yalikuwa kengele yetu ya bure. Tangu ChatGPT, akili mnemba inayoandika kama mtu, ilipotoka Novemba 2022 na nyingine kuifuata, kengele hiyo imezimika. Barua ile ya bima ya afya iliyomnasa mwenzetu niliisoma mara tatu. Ilikuwa na salamu nzuri, Kiswahili sanifu, "tafadhali zingatia kuwa", na tarehe ya mwisho ili kumharakisha. Hata mimi ningeisahihisha koma moja tu. Kwenye semina zetu nimefuta kabisa ukurasa uliosema "angalia makosa ya lugha", kwa sababu sasa unampa mtu usalama wa uongo.

Na sauti nayo si ushahidi tena. Shangazi yangu wa Korogwe alipigiwa simu mwaka jana. "Shikamoo shangazi." Sauti ya Idi, mdogo wangu, ambaye hurekodi uchambuzi wa mpira na kuutupia mtandaoni kila wikiendi, kwa hiyo sauti yake iko wazi kwa yeyote. "Shangazi, nimepata ajali Chalinze, niko kituoni, simu yangu imezima, hii ni ya askari. Nitumie laki mbili na nusu wasinilaze ndani." Shangazi anasema sauti ilikuwa ya Idi tupu, hata namna anavyovuta pumzi kabla ya kuongea.

Akaitikia marahaba, akauliza, "Mwanangu, ukija kwangu huwa unalala chumba gani?"

"Shangazi, hali ni mbaya huku."

"Najua ni mbaya. Chumba gani?"

"Chumba kile cha nyuma, shangazi, tafadhali."

Akakata simu. Idi ana pumu, na nyumba ya shangazi ina paka wanne. Hajawahi kulala pale hata usiku mmoja.

Sikuisikia sauti hiyo mwenyewe, na haikurekodiwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni mashine iliyosema. Ila najua kwamba sasa inawezekana kuiga sauti ya mtu kwa sekunde chache za rekodi yake. Mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa idara ya fedha ya kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong aliingia kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wa fedha na wenzake wengine, akawasikia wakiongea, akatuma kama dola milioni 25 za Marekani kwa miamala 15. Watu wote aliowaona kwenye skrini walikuwa bandia. Mfanyakazi yule mwanzoni alishuku ule ujumbe wa kwanza. Nyuso alizozijua ndizo zilizomtoa wasiwasi. Shangazi hakuongozwa na sikio. Aliuliza jambo ambalo halijaandikwa popote. Tangu siku ile kila nyumba ya ukoo wetu ina swali lake la namna hiyo, na watoto wanalijua. Namba zilizotumika kutapeli tunazipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kupitia 15040, na usajili wa laini kwa kitambulisho cha NIDA tunauhakiki kwa *106#. Ni mambo ya dakika mbili, yafanye leo.

Kuna hatari nyingine inayozungumzwa kidogo, nayo ni kumwamini mtumishi huyu mpya na siri za nyumba. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Samsung walibandika msimbo wa programu za kampuni, ambao ni siri, ndani ya ChatGPT wakiomba msaada, na kampuni ikalazimika kupiga marufuku zana hizo. Kwetu nimemkuta kijana mwema, mchapakazi, akibandika orodha ya wakopaji na namba zao ili "iipange vizuri". Hakuwa na nia mbaya. Hakujua kwamba orodha imeshavuka mpaka. Na Juni 2025 watafiti walieleza udhaifu walioupa jina EchoLeak, kwenye msaidizi wa akili mnemba wa Microsoft 365: mshambuliaji alihitaji kutuma barua pepe tu yenye maagizo yaliyojificha ndani ya maandishi. Mwenye sanduku hakubonyeza chochote. Msaidizi alipoisoma barua ile pamoja na nyingine angeweza kuyachukua maagizo ya mgeni kana kwamba ni ya bosi wake, akatoa siri nje. Microsoft waliuziba mwanya huo. Lakini ile tabia ya kutotofautisha habari na amri bado imo ndani ya mashine hizi zote, ndiyo maana siruhusu msaidizi wa aina hiyo aguse mfumo wa fedha.

Narudi kwenye lugha, kwa sababu hapo ndipo roho yangu ilipo. Tulijaribiwa kuuziwa kichujio cha ujumbe wa kitapeli kilichotengenezwa nje. Nikakipa ule ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii". Kikaupitisha kama salamu. Nikautafsiri kwa Kiingereza, kikaunasa papo hapo. Muuzaji akasema kitajifunza. Kitajifunza kutoka wapi? Kama hatukukusanya sisi mifano yetu, ya Kiswahili cha Tanga na cha Kisumu na cha Bukavu, ya sheng na ya kuchanganya, tutalindwa na mlinzi asiyesikia tunachoongea. Na mazoea ni lugha vilevile. Mfumo uliofundishwa kwa watu wanaopokea mshahara mara moja kwa mwezi na kulipia kwa kadi utaona maajabu kwenye kikoba cha akina mama, kwenye mchango wa harusi, kwenye mavuno ya karafuu, kwenye msiba. Maisha yetu ya kusaidiana yatasomeka kama uhalifu.

Sheria imeanza kuliona hili. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inagusa uamuzi unaofanywa kwa njia za kiotomatiki. Ila haki iliyoandikwa haimsaidii mtu usiku wa manane kama anayepokea simu atamwambia "mfumo wenyewe umeifunga". Yule dada hakuwa na kosa. Aliwekwa pale bila ufunguo.

Niliporudi kazini baada ya arobaini niliomba kikao. Ilichukua wiki kadhaa za kubishana, kwa sababu meneja alihofia gharama, na hofu yake ilikuwa na msingi. Tukakubaliana mambo mawili. Kwanza, mashine itabaki na uwezo wa kusimamisha papo hapo kitu kama kile cha saa tisa usiku, cha kushusha siri za watu, maana huko kila dakika ni hasara. Lakini fedha za mtu haizifungi peke yake. Inazishikilia kwa dakika thelathini na kumwita mtu wa zamu, ambaye lazima apige simu na ana ufunguo wa kufungua. Pili, tulikusanya miamala ya misiba na harusi ya vikundi vilivyoturuhusu, tukaondoa majina, tukaifundisha mashine kwamba na hii ni hali ya kawaida. Imeanza kujua. Bado inakosea, na wizi mmoja umetupita kwa sababu ya zile dakika thelathini. Nilimpigia aliyeibiwa mwenyewe, na ilikuwa simu ngumu.

Juzi Jumanne nilikuwa zamu. Saa tano na robo usiku ukatokea mstari mwekundu: laini ya mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, imepokea michango arobaini na moja ndani ya saa mbili, na ameomba kutoa yote. Nikapiga. Simu ikaita muda mrefu. Ilipopokelewa nikasikia nyuma watu wengi, na mtu akiita watoto waingie ndani. Nikajitambulisha, nikamuuliza kama hizi fedha anazitarajia.

"Ndiyo, baba. Tumefiwa na mwenyekiti wetu. Kuna tatizo?"

Nikamwambia hakuna tatizo, nikafungua, nikampa pole, nikamuuliza mazishi ni lini.